Nyumba Zetu Hutosha kwa Zamu: Barua ya Wazi Kabla Kafyu Haijaongezwa Siku

Likoni, Mombasa
Aprili 18, 2020

Kwa Mheshimiwa Rais Uhuru Kenyatta. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Mutahi Kagwe. Waziri wa Usalama wa Ndani, Mheshimiwa Fred Matiang'i. Na Gavana wetu, Mheshimiwa Hassan Joho.

Waheshimiwa,

Siku 30 za kafyu zinakwisha wiki ijayo, na najua mtaiongeza. Siwaandikii kuipinga. Ugonjwa huu wa korona twauogopa huku Likoni kama mnavyouogopa huko mliko, pengine zaidi, maana sisi twaijua hospitali tutakayopelekwa. Ninalotaka kusema linahusu saa mlizochagua: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyeziandika saa hizo, yeyote awaye, sidhani amewahi kulala katika chumba cha kupanga.

Niwaeleze kwanza nyumba ninayokaa, kwa sababu watu wengi wa upande huu wa kivuko wanakaa nyumba kama hii. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, ua nyuma, baraza mbele. Kila chumba kina familia yake. Choo ni kimoja na bafu ni moja, vyote uani. Maji huja kwa mkokoteni, mtungi shilingi 20 siku ambayo mwenye mkokoteni ana huruma. Chumba chetu kina kitanda, godoro ambalo mchana huegemezwa ukutani, kabati la vyombo, na pazia. Sisi tu watano.

Mtu wa mbali akisikia watano chumba kimoja husikitika. Asisikitike. Chumba hiki kimetutosha miaka yote hii kwa sababu hatukuwahi kuwa watano humo kwa wakati mmoja. Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli Diani. Alilala huko huko kwenye nyumba za wafanyakazi, akaja nyumbani siku yake ya mapumziko. Kifungua mimba wetu yuko Kidato cha Pili, shule ya bweni. Wa pili yuko darasa la nane: alitoka kabla ya jua na kurudi usiku, shule kisha madrasa. Mimi tangu alasiri nilikuwa barazani na karai langu la kukaangia viazi vya kuuza hadi saa nne za usiku. Mngepita saa mbili usiku, mngemkuta chumbani mtu mmoja tu, kitinda mimba, naye kalala.

Vyumba vingine ni vivyo hivyo. Wa chumba cha mbele ni mvuvi, hutoka usiku. Anayefuata ni bawabu wa usiku Nyali. Kuna kijana wa tuktuk anayeshika zamu ya jioni, na kuna mama anayefua nguo za watu Kizingo kutwa nzima. Huyu aingia, yule atoka. Nyumba hizi hutosha kwa zamu. Hakuna aliyekaa akazipanga zamu hizo. Kodi na mishahara ndivyo vilivyotupanga, nasi tukazoea, tukaona ndiyo maisha.

Ndani ya mwezi mmoja zamu zote zikavunjika. Machi 15, Mheshimiwa Rais, ulitangaza shule zifungwe, na kabla ya wiki kwisha binti yetu alikuwa mlangoni na sanduku lake la bati. Sanduku lile peke yake lataka nafasi ya mtu. Kisha ndege za kimataifa za abiria zikasimamishwa, hoteli ikabaki tupu, wafanyakazi wakaambiwa waende likizo bila malipo. Mume akarudi na begi. Machi 27 kafyu ikaanza. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, na Kilifi na Kwale vilevile, hata ile fikra ya kumpeleka mtoto mmoja kwa bibi yake Lamu ikafa.

Sasa saa moja ikigonga, mlango wafungwa watu watano tukiwa ndani. Na si kwetu tu, vyumba vyote sita vimejaa. Msichana wa miaka kumi na sita akitaka kubadilisha nguo, baba yake na ndugu zake hutoka koridoni wangoje. Korido nayo wanaikuta imeshajaa watu waliotolewa vyumba vingine kwa sababu hiyo hiyo. Kuna usiku nilichungulia nikaona wanaume wanne wamepangana pale gizani, kila mmoja akitazama ukuta, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mambo ya mke na mume sitayaandika hapa. Nyinyi ni watu wazima.

Mume wangu hajui pa kukaa. Simlaumu. Mwanamume aliyezoea kuhudumia meza ishirini, leo anazunguka baina ya kitanda na kabati. Juzi alivipanga vikombe vyetu kwa safu, mishikio yote upande mmoja, kama vya hotelini, kisha mtoto akaja akachukua kimoja cha katikati, na ugomvi ukazuka ambao mtu wa nje angedhani kumevunjwa televisheni. Siku hizi namkabidhi viazi amenye. Anamenya vizuri kuliko mimi, maganda membamba kama karatasi, ila ananihesabia.

Na hapo ndipo nifike kwenye viazi, maana ndivyo vinavyolisha watu watano sasa.

Asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Jioni nauza viazi karai. Mahamri hayana neno: unga naukanda usiku, unalala, alfajiri nachoma humu humu uani, na saa kumi na moja na nusu wanaokwenda kivukoni wananunua wakipita, ingawa wamepungua kwa sababu wengi hawana tena pa kwenda. Faida ya mahamri hulipa unga wa kesho na makaa, basi. Kodi ya nyumba, karo, na kitoweo vilitoka kwenye karai la jioni. Na biashara ya jioni hapa Pwani, kama Gavana wetu anavyojua vyema kwa kuwa amezaliwa hapa, haianzi mpaka jua lizame. Watu huswali magharibi, hutoka nje kupunga upepo, ndipo waanze kutafuta kiazi na ukwaju wake, mshikaki, mhogo, bajia. Wateja wangu walikuja mmoja mmoja, wawili wawili, kuanzia saa moja hadi saa nne. Zile saa tatu ndizo zilizokuwa mshahara wangu, nanyi mmezifunga zote.

Nini kimetokea? Wateja hawakupotea. Wamejisogeza mbele. Watu waliokuwa wakija kwa saa tatu, sasa wote wanafika baina ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu, kila mmoja ana haraka, kila mmoja anataka afungiwe kwanza yeye, barakoa zimeshushwa kidevuni ili nisikie wanachoagiza. Nawaambia waachiane nafasi. Wananijibu kwamba kafyu haitawangoja. Waziri Kagwe alitwambia kwamba tukiendelea na maisha kama kawaida, ugonjwa huu hautatuchukulia kawaida, na ni kweli. Lakini kabla ya kafyu, mbele ya karai langu hapakuwahi kuwa na msongamano. Kafyu ndiyo iliyoniletea.

Kivuko ni hadithi ile ile kwa ukubwa wake. Kila mtu anayefanya kazi kisiwani ataka awe amevuka kabla ya saa moja, na waajiri hawawaachilii mapema hivyo. Machi 27, siku ya kwanza, nchi nzima iliona picha: watu waliokuwa wakijaribu kurudi makwao kwa kutii amri yenu walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi pale Likoni, na saa moja ilikuwa bado haijafika. Siku chache baadaye, kule Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Aprili 1, Mheshimiwa Rais, uliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu zilizozidi, na wengi huku tulilipokea neno lako. Mimi pia. Lakini radhi haikusema neno moja ambalo tulitaraji kulisikia: kwamba roshani ni nyumbani.

Huku kwetu ni baraza. Baraza si barabara, ni sehemu ya nyumba. Humo wazee hukaa, humo wanaume hujitenga ili wanawake wapate nafasi ndani, humo mgonjwa hutolewa apate hewa. Chumba kikijaa joto la Aprili na pumzi za watu watano, mtu hutoka barazani. Sasa askari wa doria wanapita na kuwafukuza watu barazani kwao wenyewe, na jirani yetu mzee, ambaye pumu haimwachi alale chali, anakaa koridoni hadi usiku wa manane. Hilo halihitaji kikao cha baraza la mawaziri. Ni agizo moja tu kutoka kwa Waziri Matiang'i kwenda kwa wakuu wa vituo: aliye barazani kwake au uani kwake yuko nyumbani.

Kuna orodha mliyoitoa ya waliosamehewa kafyu. Binti yangu alinisomea kwenye simu. Madaktari na wauguzi, sawa. Kampuni za ulinzi zenye leseni, ndiyo maana bawabu wetu ana barua mfukoni na anapita. Supamaketi zenye leseni. Wafanyabiashara wa chakula na wasambazaji. Niliposikia wafanyabiashara wa chakula nikamwambia arudie, maana nilidhani nimetajwa. Askari aliyenikuta nikizima jiko dakika chache baada ya saa moja hakudhani hivyo. Aliimwaga sufuria ya ukwaju kwa teke na kuniambia nishukuru. Sina haja ya kumtaja wala simjui jina. Nataka tu kuuliza: chakula kikiwa kwenye rafu ya supamaketi ni huduma muhimu, kikiwa kwenye karai ni kosa? Watu wangapi wa mtaa huu hununua supamaketi? Kibarua anayelala chumba cha kupanga bila jiko, chakula chake cha usiku ni sisi. Mnajua anakula nini siku hizi? Mkate na soda, alivyonunua saa kumi.

Sisi si watu wasiojulikana. Idara ya afya ya kaunti hutupima na kutupa vyeti vya kushika chakula, na hufika kuvikagua bila kukosa. Wenye vyeti hivyo wapewe barua kama ya bawabu. Mvuvi wa chumba cha mbele naye apewe, maana samaki hawajui kafyu, na ngalawa yake imeketi mchangani huku sisi tukinunua samaki kwa bei ambayo sijawahi kuiona.

Juu ya nafuu mlizotangaza Machi sitasema mengi. Mlisema anayepata mshahara usiozidi shilingi 24,000 hatakatwa kodi. Mume wangu hakatwi kodi hata senti, kwa sababu hana mshahara. Mlishusha VAT, ile kodi ya bidhaa, kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa ugali haukuwa na VAT tangu hapo. Lililotufaa kweli, na nalisema wazi ili ionekane sikuja kulalamika tu, ni kutuma pesa za simu zisizozidi shilingi 1,000 bila ada. Wifi yangu hututumia mia mbili leo, mia tatu kesho, zinafika zote. Msiliondoe hilo.

Masomo nayo: vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala, kwenye redio za KBC, shirika la utangazaji la taifa, ni vizuri kuliko hizo habari za intaneti ambazo shule ya binti yangu inatuma, kwa sababu redio haitaki bando. Shida yetu ni kwamba kuta za nyumba hizi hazifiki paani. Redio ikisoma Hesabu chumbani kwetu, bawabu aliyekesha kazini anaisikiliza Hesabu hiyo kitandani mwake. Tumekubaliana naye: watoto wa vyumba vyote wakae uani na redio moja, chini ya mwembe, yeye alale. Twaweza kupanga mambo yetu tukiachiwa ua.

Jambo linalofuata ni zito na nitaliandika kwa tahadhari. Sitasema ni nyumba gani.

Kuna mke ambaye mumewe humpiga. Hilo ni la zamani, mtaa mzima walijua. Zamani mume akirudi na hasira, mke huchukua mtoto akaenda kwa kaka yake, mitaa miwili kutoka pale, akalala huko, asubuhi wazee wakakaa kuzungumza. Ile njia ya mitaa miwili ndiyo iliyokuwa ulinzi wake wote. Tangu kafyu ianze, mume yuko nyumbani kutwa, kazi hana, na saa moja ikifika njia imefungwa. Usiku mmoja aligonga kwetu na mtoto mgongoni. Alikwenda mpaka kona, akaona taa za gari la polisi, akaogopa virungu kuliko alivyomwogopa mumewe, akarudi. Tulimlaza juu ya lile godoro na binti yangu, mume wangu akalala chini, mlango tukauegemezea sanduku la bati.

Aprili 1 hiyo hiyo Jaji Mkuu David Maraga alisema kwamba makosa ya kingono yamepanda katika wiki za karibuni, na kwamba yamefika asilimia 35.8 ya kesi zilizoripotiwa. Kwa hiyo haya mnayo mezani, si umbeya wa muuza viazi. Mmetupa namba ya kupiga, 1195, na ni jambo jema. Lakini simu hupigwa kwa sauti, waheshimiwa, na chumba ni kimoja. Anayekupiga yuko hatua mbili kutoka hapo uliposhika simu. Huyu mama hahitaji namba kwanza, anahitaji njia. Askari wa doria waambiwe kwamba mwanamke anayekimbia usiku na mtoto asikamatwe, asipigwe, asiulizwe barua, asindikizwe anakokwenda. Na kila kata iwe na mlango mmoja unaojulikana, kituo cha afya au nyumba ya chifu, ambao hufunguliwa saa yoyote. Wanaovunja kafyu mnawapeleka karantini. Basi magari mnayo.

Ninachoomba kwa jumla ni saa mbili tu. Kafyu ianze saa tatu za usiku. Kivukoni watu wataweza kuachiana nafasi. Karai langu litarudi kuwa na wateja wawili wawili. Vyumba vyetu vitapata kupumua: nikiwa barazani na mume wangu akinisaidia kufunga viazi, na kijana akisoma, msichana atakuwa na chumba saa mbili nzima, na huyo mama wa mitaa miwili atakuwa na saa mbili zaidi za kumtambua mumewe amerudi na hali gani. Najua mtaambiwa kwamba vijana watajazana maskani. Vijana wamejazana tayari, ndani, na baba zao na babu zao wenye sukari na presha, na hao ndio mliosema tuwalinde.

Mwisho wa wiki ijayo, mwezi ukiandama, twaingia Ramadhani. Misikiti imefungwa, tarawehe tutaswali vyumbani, hilo tumelikubali na mashekhe wetu wametueleza. Lakini magharibi ya Mombasa huingia kama saa kumi na mbili na nusu. Mtu afuturu tende na maji, aswali, na kabla hajanyanyua kikombe cha uji, kafyu. Kwa wanaouza chakula, mwezi huu ndio unaobeba nusu ya mwaka. Karo za muhula na madeni ya Januari hulipwa kwa Ramadhani. Na kwa wanaopokea chakula cha msaada, orodha zinazoandikwa mtaani zisomwe hadharani, kwa sauti, maana hadi leo nyumba yetu ya familia sita imeandikwa kama nyumba moja.

Mtakapokaa kuamua, aitwe hata mama mmoja wa chumba cha kupanga aingie kwenye kikao. Si lazima awe mimi. Mimi jioni nina kazi, kama mtaniruhusu.

Jamaa anayetuletea viazi ameniuliza anihifadhie gunia zima la Ramadhani au nusu. Lazima nimjibu kabla ya Ijumaa, na bei imeshaanza kupanda. Nimemwambia angoje tangazo lenu.

Wenu,
Mama muuza viazi karai,
Likoni